Fundi Aliyeuliza Rangi

Kila kifaa kipya kilichofika kwenye kibanda chake, Fundi alikipa siku moja ya kazi. Hakusoma maandishi ya kwenye boksi, wala hakujali picha ya yule mwanamke anayetabasamu akiwa ameshika kitambaa. Alikitoa, akakigeuza, akakinusa kama mtu anayenunua samaki, kisha akakitumia hadi jioni. Akianza kufunga ndipo alipotoa hukumu, na hukumu zilikuwa mbili tu. Hii ni ya kazi. Hii ni ya picha. Vya kazi vilibaki juu ya meza. Vya picha viliingia kwenye debe la mafuta ya kupikia lililokuwa miguuni pake, na sikuwahi kuona kitu kikitolewa humo.

Kibanda kilikuwa Kitale, nyuma ya soko la mitumba, mabati matatu na mlango wa mbao uliolazwa mchana ukawa meza ya kukatia nguo. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naishi kwa shangazi yangu nyumba za nyuma. Kibanda cha Fundi kilikuwa na benchi na stima, nami nilikuwa na simu ya kuchaji na siku nzima ya kujiuliza nilikosea wapi. Mama huyo hakuwahi kunikaribisha wala kunifukuza. Siku moja alinirushia gauni na kifumulio, kale kadude kenye ncha mbili, moja kali na nyingine yenye kishanga chekundu, akaniambia nifumue pindo. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa benchi.

Kifumulio kilikuwa cha kwanza katika vitu alivyoviheshimu. Alisema fundi anayeona aibu kufumua ataona aibu kubwa zaidi nguo ikishavaliwa. Cha pili ilikuwa sumaku, na hiyo hakuinunua. Aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifunga kwa kamba, akawa anaiburuta sakafuni kila jioni ikiokota pini. Kisha subana yake ya shaba, ya kukinga kidole na sindano, iliyokuwa imechakaa hadi vishimo vyake vimekuwa laini.

Orodha ya vya picha ilikuwa ndefu zaidi. Kulikuwa na cherehani ya mkononi, ndogo kama mashine ya kubania karatasi, ambayo shangazi yangu aliileta kutoka Nairobi kwa furaha kubwa. Ilishona vizuri sana. Kisha Fundi akavuta uzi mmoja mwishoni na mshono wote ukafunguka kama zipu. Alimtazama shangazi, na shangazi akaanza kueleza kwamba yeye hata hakuinunua, alipewa. Kulikuwa na kalamu ya zambarau ambayo wino wake hufutika wenyewe, kwa hiyo huhitaji kufua alama. Fundi alichora koti zima la mwalimu mmoja siku ya Jumamosi, akaenda kanisani Jumapili, akarudi Jumatatu kukuta kitambaa kisafi kabisa. Kulikuwa na mota ya umeme ya kufunga kwenye cherehani ya miguu. Aliitumia hadi saa nane mchana akaing'oa.

"Mguu wangu unajua kusimama," alisema. "Hii kitu inajua kuenda tu."

Kisu cha gurudumu kilimsumbua, kwa sababu hakikuingia upande wowote. Ni kijigurudumu chenye makali kinachosukumwa juu ya kitambaa kama mtu anayekata chapati, na kinakata tabaka nyingi kwa mara moja, mistari iliyonyooka kuliko ya makasi. Lakini kinataka mkeka wake maalum chini, la sivyo kinakula meza, na wembe wake ukiisha hupati mwingine Kitale. Alikitundika msumarini, kati ya meza na debe. Alikitumia kwa blanketi tu.

Blanketi zilikuwa starehe yake. Mabaki ya sare za shule, aliyoyakusanya kwa magunia, aliyakata vipande vya mraba, akaviunga, akaweka ndani gunia laini la ngano na nyuma kitambaa cha pazia. Kila mtoto aliyezaliwa katika kanisa lao alipata moja. Hazikuwa nzuri kwa macho ya watu wa leo: buluu, kijani kizito, kijivu, maruni, rangi za gwaride. Lakini Kitale ina baridi, na nimeona watoto wamekua, wameanza shule, wamevaa sare ya shule ileile waliyolalia kipande chake.

Kwa wateja alikuwa mkali hadi nikashangaa walichorudia. Mama mmoja alilalamika kwamba gauni limembana, Fundi akachukua tepu, akampima palepale mbele ya watu, akasoma namba kwa sauti, kisha akasoma namba ya mwezi uliopita. "Si umenona, mama. Usilaumu nguo." Lakini mteja huyohuyo alipofiwa na mumewe, Fundi alifunga kibanda siku nne akaenda kuwapikia waombolezaji wake. Alikuwa akisema hapendi watu. Akiwa anasema hivyo mkono wake unaweka kando kipande cha mkate kwa mwendawazimu aliyepita kila asubuhi, naye alimtukana huyo mwendawazimu akichelewa.

Mimi ni mtu wa kufikiria jambo hadi linachakaa, na nimemfikiria sana kuhusu kitu kimoja: alivicheka vifaa hivyo, lakini yeye ndiye aliyevinunua vingi. Wachuuzi walimjua. Walipita na vikapu vyao moja kwa moja hadi mlangoni. Kitungia uzi, kwa mfano, kile kibati chenye waya mwembamba kama unywele wa kupitishia uzi kwenye tundu la sindano, alisema ni cha watu wenye macho ya kuazima. Siku moja alipoinama kuokota kitambaa nikakiona kimefungwa kwa uzi shingoni, ndani ya blauzi, mahali wengine wanapoweka msalaba. Alinunua sindano zenye mwanya juu, ambazo uzi unabanwa tu ukaingia wenyewe. Zilikata uzi kila baada ya mishono michache. Akazitupa kwenye debe, na mchuuzi alipopita tena akanunua nyingine. Alinunua taa ya kubana mezani. Alinunua kioo cha kukuza chenye kamba ya kuvaa shingoni, ambacho alisema ni cha kuangalia kama noti ni halali.

Nilidhani ni tamaa, au upweke, au ile hali ya mtu mzima kutaka kuonyesha kwamba dunia mpya haimpiti. Nilikuwa na nadharia tatu au nne. Ukweli ulikuwa mbele yangu mchana kweupe. Macho yake yalikuwa yanakufa, na alikuwa akitafuta kwa wachuuzi kitu ambacho kingeshona badala yake bila mtu kujua.

Hakwenda kwa daktari wa macho. Nilipomgusia, baada ya kumwona akitafuta makasi yaliyokuwa mapajani pake, aliniambia nisilete habari ya hospitali kwenye kibanda cha watu. Baadaye alieleza kidogo, akiwa amenipa mgongo. Alisema mtu akionekana mara moja kwenye foleni ya macho, kesho yake hakuna atakayempelekea kitambaa cha bei. Na si kitambaa cha bei kilichomtia hofu. Ilikuwa zile nguo nyingine.

Katika kanisa lao, akina mama wana gauni lao la chama: buluu nzito, kola nyeupe, mikono mirefu. Wanalivaa siku za ibada kubwa, na wanazikwa nalo. Mwanamke akifa baada ya kuugua, gauni lake la zamani huwa limemshinda ukubwa. Ameisha. Kwa hiyo hushonwa jipya, haraka, kati ya siku mwili unapotolewa mochari na siku ya mazishi, na Fundi ndiye aliyelishona. Si kwa watu wa Kitale tu. Walikuja kutoka Kamukuywa, Lugulu, Kanduyi, hata kule mlimani, kwa sababu ilisemekana nguo yake inamrudishia mtu umbo lake. Alikataa kushona kitu cha kufunika mbele tu kama wanavyofanya wengine. Alipiga pindo lote, akaweka mifuko. Niliwahi kumuuliza marehemu atatia nini mfukoni. 

"Alikuwa na mifuko jana," alisema.

Kazi hiyo hakuitoza zaidi ya bei ya uzi. Lakini ndiyo iliyomfanya awe mtu fulani katika mji ambao mafundi ni wengi kuliko nguo. Alipoingia kanisani, wanawake walimpisha kwenye benchi ya mbele. Walijua kwamba siku moja atawavika, na yeye alijua kwamba wanajua. Nafasi hiyo ndiyo aliyoogopa kupoteza, na nadhani hakuogopa kingine chochote duniani.

Basi akajifunza hila. Kitambaa alikijua kwa vidole: gabadini, pamba, kitani, polista ya kichina. Kwa vipimo alikuwa ametia vifundo vya uzi kwenye tepu. Kilichobaki kumshinda ni rangi. Buluu nzito, kijani kizito na nyeusi vilikuwa kitu kimoja kwake. Kwa hiyo alianza kuwauliza wateja maoni. Aliwashikia vipande viwili mbele ya mlango, kwenye jua, akawauliza kama wanaona vinaendana, au wangechagua kipi. Watu walifurahi. Fundi mkali kama huyo kuwauliza wao. "Hiyo kijani iko sawa," mtu angesema, "lakini na buluu, hapana," na Fundi angetikisa kichwa kama anayepima ushauri, kisha angeweka kijani kulia na buluu kushoto, na kazi yote ya siku ingetegemea hapo. Nami niliulizwa hivyo mara nyingi kabla sijaelewa ninaulizwa nini. Nilipoelewa, niliendelea kujibu. Hatukuliongea.

Kisha rafiki yake akafa. Huyu alikuwa mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mrefu mwenye kicheko kikubwa, mtu pekee aliyeingia kibandani na kufunua sufuria ya Fundi bila ruhusa. Waliolewa mwaka mmoja, walifiwa na waume miaka ya karibu, na kila Ijumaa walikula muhogo pamoja wakisengenya kanisa zima. Aliugua kwa muda mrefu. Familia ikaamua azikwe nyumbani kwa mumewe karibu na Kanduyi, na binti yake mkubwa akaleta kitambaa: gabadini ya buluu, nzuri, ya kutosha gauni. Fundi alikipokea kwa mikono miwili.

Siku aliyoshona, mvua ilinyesha Kitale kuanzia asubuhi. Mimi nilikuwa Bungoma, nikipeleka barua za kuomba kazi. Sokoni hakukuwa na mtu. Wachuuzi walifunika bidhaa kwa plastiki wakaenda zao. Hakuna aliyepita mlangoni. Fundi alikata, na mahali fulani kitambaa kilipungua, au kipande kililowa, au kilianguka kikachanganyika na gunia la mabaki ya sare. Haya ninayabuni. Najua tu kwamba gabadini ya sketi za shule na gabadini ya gauni la kanisa ni kitu kimoja kwa vidole, na kwamba siku hiyo hakukuwa na mtu wa kuulizwa.

Asubuhi ya mazishi jua lilikuwa kali. Fundi alibaki Kitale; alisema magoti hayataki safari, na sasa naelewa kwamba aliogopa kutembea mahali asipopajua mbele ya watu. Nilikwenda na shangazi. Jeneza liliwekwa kwenye nyasi, nje ya hema, na watu wakapanga foleni kutazama mwili. Nilipofika karibu niliona gauni kwanza. Lilikuwa limemkaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuona kwa mtu aliyekufa. Mabega yalikuwa yake. Kola ilikuwa imelala sawa. Na mkono wa kushoto, kuanzia begani hadi kwenye kifundo, ulikuwa wa kijani, ule wa sketi za shule.

Foleni ilikuwa ya akina mama wa kanisa, wote wamevaa gauni lilelile, la buluu. Walipita mmoja mmoja. Niliona kila mmoja akiona. Hakuna aliyesimama. Shangazi alinibana mkono kwa nguvu, akaniambia bila kunitazama, "Nyamaza." Sikuwa nimesema kitu. Kisha binti wa marehemu, aliyekuwa amesimama upande wa kichwa, akainama kana kwamba anamrekebisha mama yake kola, akavuta kile kitambaa cheupe cha ndani ya jeneza na kuufunika mkono wote hadi vidoleni. Waliopita baada ya hapo waliona gauni la buluu.

Siku chache baadaye binti huyo alipitia kibandani kabla ya kurudi kazini kwake. Nilikuwa kwenye benchi. Alileta sukari na leso mpya, akamshika Fundi mikono yote miwili, akamwambia mama yake alipendeza, kila mtu amesema hivyo, Mungu ambariki. Alilia, na Fundi naye akalia. Nilitazama sakafu. Nilifikiri, na kwa miezi mingi baadaye niliendelea kufikiri, kwamba sijawahi kuona wema mkubwa kama ule.

Akina mama wa Kitale hawakumletea nguo tena. Hakuna aliyetangaza. Walianza kwenda kwa kijana mmoja mwenye cherehani ya umeme kando ya stendi, na kanisani wakawa wanamsalimu Fundi kwa sauti tamu kupita kiasi, wakimshika kiwiko, wakimwonyesha ngazi. Benchi ya mbele ilibaki yake. Alihesabu hilo kuwa jambo jema. Aliniambia wanawake wamepungua kufa, akacheka.

Lakini wa mbali hawakuwa wamesikia. Kwa karibu mwaka mzima waliendelea kuja, na vitambaa vyao kwenye mifuko ya plastiki, na huzuni yao, na haraka yao. Yeye akapokea, akashona, akawapa. Nilikuwa nimepata kazi ya kujitolea Bungoma, kwa hiyo sikuwa kwenye benchi kujibu. Kisha kile kisu cha gurudumu, ambacho hakikuwa cha kazi wala cha picha, kikapita juu ya kidole chake cha shahada akikata vipande vya blanketi, na mwanawe akaja kutoka Kamukuywa akafunga kibanda, akamchukua nyumbani.

Nilimtembelea mwaka huu, mwanzoni mwa msimu wa kupanda. Nilikuta mkwewe, mke wa mwanawe, amemwekea kiti nyuma ya nyumba, penye upepo. Alinitambua kwa hatua kabla sijasalimu. Alikuwa amekonda, na macho yalikuwa wazi, yakitazama juu kidogo ya paji langu. Mikono yake ilikuwa mapajani, imetulia, na hilo lilinitisha kuliko macho.

Tuliongea mambo ya kawaida. Aliuliza kama nimepata kazi ya mshahara, nikasema bado. Aliuliza shangazi, nikasema yuko. Alilalamika kwamba chai ya mkwewe ni maji yaliyoonyeshwa majani, kwa sauti ya kutosha kusikika jikoni. Kisha akashusha sauti. 

"Wewe ulienda Kanduyi. Ile nguo ya mwenzangu ilimkaa?"

"Ilimkaa vizuri sana, mama."

"Mabega?"

"Mabega yalikuwa yake."

Aliitikia kwa kichwa. Nilidhani tumepita hapo. Nilikuwa tayari nimeanza kutafuta habari nyingine ya kumwambia.

"Na rangi?"

Ningeweza kusema buluu. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini huyu alikuwa ameniuliza rangi mara nyingi, na kila mara nilikuwa nimemwambia iliyopo, na sikuwa na sauti nyingine ya kujibia swali hilo. Nilichelewa. Alingoja, na kuchelewa kwangu kukamwambia.

"Wapi?" aliuliza.

"Mkono wa kushoto. Kijani."

"Wote?"

"Wote."

Nilifanya haraka kumweleza kuhusu binti, jinsi alivyoinama, kitambaa cheupe, jinsi alivyoufunika mkono ili watu wasione. Nilimweleza kama mtu anayempelekea mwenzake maji. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo aliona," alisema. "Na akakuja akanishukuru."

"Alitaka usiumie, mama."

"Si heri angenitukana." Hakupandisha sauti. "Angenitukana mara moja tu, ningefunga kibanda siku hiyo."

Mkwewe alitoka jikoni na kikombe, akamtazama, akarudi nacho ndani. Fundi alikuwa ameanza kusugua kidole chake kilichokatika, taratibu, kwa kidole gumba.

"Kuna yule wa Lugulu," alisema. "Alikuwa mfupi. Walileta kitambaa kikiwa kimekunjwa kwa gazeti. Hiyo ilikuwa rangi gani?"

"Sijui, mama. Sikuwepo."

"Na yule mama wa mapacha? Wa mlimani?"

"Sijui."

Akaendelea. Hakuwa na majina yao. Alikuwa na vipimo vyao, na walikotoka, na nani aliyeleta kitambaa, dada au mume au binti. Alimtaja mmoja, akageuza uso kunielekea, akangoja. Kisha akamtaja mwingine.